Re: Tanga ilikuwaje mji wa viwanda, na utainuka tena?

Ndugu yangu, umeuliza kama ni utaifishaji wa 1967 ulioiua Tanga. Mimi nasema hapana, si peke yake. Mji ule ulijengwa juu ya zao moja. Mwaka 1893 ndipo Mjerumani Richard Hindorf alipoleta miche ya mkonge, na mwaka huohuo reli ya kwenda Usambara ikaanza kujengwa kutoka Tanga. Kufikia 1964 nchi ilizalisha tani zaidi ya 200,000, ikiongoza duniani. Kisha zikaja kamba za plastiki zikachukua nafasi ya kamba za mkonge, bei ikaporomoka, hata kabla ya Azimio la Arusha. Usimamizi mbovu wa mashamba ukamalizia. Kiwanda cha mbolea nacho kikafungwa, vijana wakahamia Dar.

Bandari ndiyo inayonipa matumaini. Miaka yote meli kubwa zilitia nanga mbali, mizigo ikashushwa kwenye matishari, halafu ikapakuliwa tena gatini. Kazi mara mbili, gharama mara mbili! Sasa kina kimechimbwa kutoka mita 3 hadi 13 na meli zinafunga gatini moja kwa moja. Hilo kwangu ni kubwa kuliko hata bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, kwa sababu bomba likishajengwa huajiri watu wachache, ila gati hulisha madereva, mawakala wa forodha, mama lishe na wenye maghala.

Wale wa msemo wa Tanga, "waja leo waondoka leo", karibuni mjionee.