Fundi Nijibu: Niuze Subaru STI yangu ninunue STI nyingine?

*Shikamoo Fundi. Mimi ni mwendeshaji kreni bandarini Kilindini, nina miaka 41, nyumbani ni Mtongwe. Nina Subaru Impreza WRX STI ya 2004, samawati, rimu za dhahabu. Iliingia nchini 2011, nami nikainunua 2014 kutoka kwa daktari mmoja wa Nairobi. Gari hili nalipenda mpaka majirani wanajua. Lakini limeanza kunichosha. Klachi ni nzito, na foleni ya feri ya Likoni imeniharibia goti la kushoto. Bampa la mbele linakwaruza kila nikipanda feri. Petroli inakwenda kama maji. Na sasa injini: fundi wangu amepima mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, akapata 150, 148, 150, na silinda ya nne 118. Anataka shilingi 480,000 aifungue na kuijenga upya.*

*Wiki hiyohiyo, nikiwa juu kwenye kreni, nikaiona STI ya 2019, nyeupe, ikishuka kutoka kwenye meli ya magari. Fundi, nilishindwa kufanya kazi kwa dakika mbili. Mwenye yadi iliyoiagiza anataka milioni 6.5. Kijana mmoja wa Malindi yuko tayari kunipa milioni 1.4 kwa hili langu jinsi lilivyo, na sacco imekubali kunikopesha pesa zinazobaki. Je, nibadilishe? Nitapata mngurumo uleule? Mama watoto anasema nisimuulize, kwa sababu nikimuuliza ataniambia niuze ninunue Toyota Noah, gari la familia.*

*— Mtu wa Kreni, Mtongwe*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu. Nilipigia mstari malalamiko yako yote, kisha nikajiuliza ni lipi litakalokwisha ukipanda hiyo nyeupe.

Klachi? Nyeupe nayo ni gea sita za mkono, na klachi yake imetengenezwa kushika nguvu kubwa zaidi, sio ndogo. Goti lako halitaona tofauti. Bampa? Liko chini vilevile, na la kwake ukilivunja utalia kwa bei. Petroli? Hapa ndipo nilipocheka peke yangu. Injini ya STI ya Japani ya 2019 ni EJ20, lita mbili, turbo, silinda zimelala mbili kulia mbili kushoto. Yako ya 2004 ni EJ20. Ukoo ni mmoja, ulioanza kwenye Legacy mwaka 1989 na kutangaziwa mwisho wake mwaka huohuo wa gari ulilolitamani, kwa toleo la mwisho la magari 555. Kiu ya petroli ni ya ukoo. Na zote mbili Wajapani walizipangia petroli ya oktani 100, ambayo pampu zetu za kawaida hazina, kwa hiyo zote zinafaa zipelekwe kwa mtu anayejua kuipanga upya kompyuta ya injini kabla hujaanza kukanyaga.

Kwa hiyo kati ya mambo manne uliyoyalalamikia, milioni tano na laki moja za kuongeza zitakutibu moja tu: silinda ya nne. Na hilo moja lina dawa ya 480,000.

Sitaki udhani naidharau hiyo nyeupe. Ni gari zuri, na kwa mambo kadhaa linalishinda lako. Lako kwenye karatasi lina nguvu za farasi 280, kwa sababu enzi zile watengenezaji wa Japani walikuwa na makubaliano yao ya kiungwana ya kutoandika zaidi ya hapo. Nyeupe ina 308. Bodi yake ni ngumu zaidi, kona inaingia bila kuyumba, breki ni kubwa. Usukani wake bado ni wa haidroliki, kwa hiyo mkono unaisikia barabara. Ukiniuliza ni lipi litafika Voi kwanza, nitakwambia nyeupe, na dereva wake atashuka hajachoka.

Kuhusu mngurumo, kaa chini kwanza. STI ya Japani ya 2004 haikutoka kiwandani na ule mngurumo wa mapigo-mapigo unaoupenda. Turbo yake ina njia mbili za moshi, na mabomba yanayotoka kwenye silinda yana urefu sawa, hivyo sauti hutoka imenyooka. Ule mdundo huzaliwa pale mabomba ya upande mmoja yanapokuwa marefu kuliko ya upande wa pili, moshi ukafika kwa zamu zisizolingana. Kama gari lako linanguruma hivyo, basi daktari wako wa Nairobi, au aliyekuwa nalo kabla yake, alibadilisha mabomba na labda turbo pia. Tazama chini utaona. Na nyeupe nayo ina mabomba yaliyo sawa, kwa hiyo utashuka yadi umetoa milioni 6.5 na gari likaimba kwa sauti usiyoijua. Watu wengi wamepata mshangao huo, wakaanza tena kutafuta mabomba ya zamani.

Ukishakwenda yadi, kuna mtego mwingine. Utaoneshwa gari jingine lenye sura ileile, tundu lilelile la hewa juu ya boneti, bei imeshuka, muuzaji anatabasamu. Hiyo ni WRX S4. Pedali ni mbili, gea ni za kujiendesha za mnyororo (CVT), usukani ni wa umeme, na injini yake ni FA20, ukoo mwingine kabisa. Kwa goti lako ingekuwa nafuu. Lakini mtu aliyeacha kazi dakika mbili kutazama STI, akinunua S4 atakuwa anaomba radhi kwa kila anayemuuliza. Mimi nisingeinunua kwa niaba yako.

Sasa turudi kwa silinda ya nne, maana fundi wako amekimbilia kufungua injini nami naona bado hajauliza maswali yote. Mwambie apime tena injini ikiwa ya moto, betri imejaa, pedali ya petroli imekanyagwa hadi mwisho. Namba ikibaki pale, atie kijiko kidogo cha oili ndani ya silinda hiyo na apime mara ya tatu. Ikipanda sana, ringi au pistoni ndiyo tatizo. Isipopanda, tazama valvu au gasketi. Injini hizi za silinda zilizolala oili hujikusanya upande wa chini, kwa hiyo kipimo hicho si cha kukiapia, lakini kinakupa mwelekeo. Kisha aingize kamera ndogo kwenye tundu la plagi atazame ukuta wa silinda. Silinda ya nne kuanza kulalamika kabla ya wenzake ni jambo tunalolijua sana kwa injini za ukoo huu.

Kitu cha pili: linganisha namba ya injini na ile ya kwenye logbuku. Gari lililofika 2011 na kupita mikono kadhaa huenda limebadilishiwa injini likawekewa EJ25 ya lita mbili na nusu, ambayo katika umbo la turbo inajulikana kwa kupasuka pistoni pale ringi zinapokaa. Kujenga EJ25 na kujenga EJ20 si bajeti moja. Na kama injini itafunguliwa, usifunge bila kubadilisha bomba linalonyonya oili kutoka kwenye sampu. Bomba hilo lina kawaida ya kupata ufa, injini ikanyonya hewa badala ya oili, na hapo ndipo unasikia ule mlio wa koki-koki unaomaliza kila kitu. Timing belt mpya, pampu ya maji mpya. Akikwambia vya zamani bado vizuri, chukua funguo zako uondoke.

Lakini yote hayo ni ya pili. La kwanza hukuliandika, nami ndilo ninaloliogopa: kutu.

Wewe unakaa Mtongwe. Miaka zaidi ya kumi gari limevuka feri, limelala kwenye upepo wa bahari, limerushiwa maji ya chumvi. Injini hujengwa, bodi iliyooza haijengwi, inafunikwa tu. Jumamosi chukua bisibisi bapa na tochi. Lala chini, gonga ndani ya matao ya magurudumu ya nyuma, halafu kingo za chini ya milango. Kisha ndani ya buti ondoa plastiki za pembeni utazame pale shokamzoba za nyuma zinaposhikilia bodi. Usiogope kubonyeza kwa nguvu. Bisibisi ikiruka na kutoa mlio wa chuma, shukuru. Ikizama kama kwenye muhogo uliopikwa, umepata jibu lako, na wala usimpe yule fundi hata shilingi ya kufungua injini.

Kama imezama, basi uza. Na hapo ndipo nyeupe inapoingia kwa haki, tena kwa haraka. Sheria yetu inaruhusu gari lisilozidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Mwaka huu wa 2026 mstari uko kwenye 2019. STI yenye EJ20 ilikoma kutengenezwa baada ya toleo lile la mwisho, na mwaka 2022 Subaru wenyewe walitangaza kwamba kizazi kilichofuata hakitakuwa na STI ya injini ya petroli. Kwa hiyo mlango wa Kilindini unafungwa kwa gari hili. Lako la 2004 mlango wake ulifungwa zamani. Ukiliuza, la kuliziba pengo lake utalitafuta humuhumu nchini, mkono wa nne au wa tano.

Ila usishangae kwa nini bei ni milioni 6.5. Tangu 2023 ushuru wa forodha ni asilimia 35, kutoka 25. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 kwa injini ya petroli ya ukubwa huo, kisha VAT ya asilimia 16 juu ya jumla. Piga hesabu mwenyewe: kwa kila shilingi 100 ya thamani inayokubaliwa na KRA, mamlaka ya kodi, karibu 100 nyingine inakwenda serikalini. Unanunua gari moja na kulipia mawili.

Kama bisibisi imeruka, usiuze.

Nitakueleza kwa nini nina ukali. Mimi miaka ya tisini nilikuwa kijana wa spana kwenye Safari Rally, nilikuwa kando ya barabara vumbi limejaa masikioni Colin McRae aliposhinda na Impreza mwaka 1997. Wakati huo nilikuwa na Toyota Celica GT-Four, ile ya umbo la mviringo iliyoitawala Safari kuanzia 1992. Nikarogwa na Subaru. Nikaiuza Celica nikanunua Impreza, na Impreza ilikuwa bora kwa kila kitu: nyepesi, rahisi kutengeneza, spea tele. Sikujuta, nasema kweli. Mpaka siku nilipopita Kirinyaga Road kutafuta bearing ya gurudumu, nikaona usukani umening'inizwa kwa waya, una alama ya kuungua upande wa kushoto. Alama ile niliitia mimi kwa pasi ya kulehemu. Aliyenunua alikuwa ameikatakata Celica auze vipande. Usukani niliulipia alichotaka bila kupunguza hata shilingi, uko hapa ukutani ninapoandika.

Huyo kijana wa Malindi, muulize anataka gari la nini. Milioni 1.4 kwa STI yenye silinda mbovu, bila kuomba apunguziwe? Giaboksi yako ya gea sita, difu, breki na viti vikiuzwa kimoja kimoja vinarudisha pesa hiyo na faida juu.

Nimebakiza mama watoto. Wewe ulileta maneno yake kama kichekesho, lakini katika barua nzima yeye ndiye aliyeelewa gonjwa. Goti, bampa, petroli: yote hayo ni ya kwenda kazini. STI haikuzaliwa kukaa foleni ya feri saa kumi na mbili asubuhi. Tafuta Noah iliyotumika humu nchini, yenye gea za kujiendesha, ipandishe feri, irushiwe chumvi, ibebe watoto na magunia ya nazi. Ukijumlisha Noah na 480,000 za injini, mkopo wa sacco utakuwa kidogo sana kuliko ule wa nyeupe. Samawati ipumzike chini ya paa, ioshwe chini kwa maji baridi, itoke Jumapili kwa njia ya Dongo Kundu ambako hakuna ngazi ya feri ya kukwaruza bampa.

Lakini anza na bisibisi. Matao ya nyuma, kingo za milango, ndani ya buti. Niandikie umesikia mlio gani. Na mwambie mama watoto Fundi anamsalimu, Noah achague rangi yeye.