Bango Nimelilipia, Mbona Limepigwa X?

SWALI: Shikamoo kaka wa safu. Nina duka la hadwea hapa Mwandiga, barabara ya kwenda Kasulu. Mwaka jana nikachomeleshewa bango la chuma, wala si kubwa, nikalisimika jirani na lami ili wenye magari wajue mabati na misumari ipo. Watu wa ushuru wakaja wakapima, wakanipa kontrol namba (ile namba ya kulipia serikalini), nikalipa, risiti ninayo mpaka leo. Juzi kaja kijana na kopo la rangi nyekundu kapiga X, eti ng'oa. Namwonyesha risiti anacheka. Sasa mimi nimsikilize nani?
Mama Hadwea, Mwandiga

JIBU: Marahaba dada yangu. Wote wawili, ndo ubaya wake. Hiyo risiti ni ya ada ya mabango, hela ya halmashauri, wanapima ukubwa wanaangalia kama lina taa au halina wanakukadiria. Kuanzia 2017 ilipelekwa TRA, watu wa mapato, baadaye ikarudi tena halmashauri, ndo maana wafanyabiashara wengi mpaka leo wanachanganya nani anadai nini. Ila ada hiyo ni ya kutangaza tu, haikupi ruhusa ya mahali pa kusimama. Mahali anatoa mwenye barabara, na barabara kuu na za mkoa mwenyewe ni TANROADS, za wilaya na mitaa ni TARURA. Ya kwenu hiyo ni barabara kuu.

Sheria ya Barabara ya 2007 inatambua hifadhi ya barabara, yaani ardhi ya barabara yenyewe, ya mita 30 kila upande, na zinahesabiwa toka KATIKATI ya barabara, siyo pale lami inapoishia kama wengi wanavyopima. Simama katikati (angalia bodaboda kwanza), tembea hatua zako za kawaida kama 40 hivi, hapo ndo unaanza kutoka kwenye hifadhi. Zamani ilikuwa mita 22.5, kwa hiyo nyumba zilizokutwa kwenye kile kipande kilichoongezwa ndo zikapigwa X ya kijani, maana yake wana fidia. Nyekundu haina fidia. Na bango lako la mwaka jana, dada, hilo la fidia lisahau kabisa.

Ufanyeje? Andika barua kwa meneja wa TANROADS wa mkoa, weka picha ya bango, vipimo vyake na umbali toka barabarani, uombe kibali. Wanaweza kukupa kwa malipo yake, wanaweza kukunyima, hasa kama upo kwenye kona au njia panda au umeziba alama ya barabarani, hapo usibishane maana dereva asipoona anayevuka ni msiba wa mtu. Mimi ningekuwa wewe ningelisogeza ndani ya kiwanja changu au nilipige ukutani mwa duka kabla hawajaling'oa wao na gharama ikakuangukia. Na atakayekwambia "nipe kidogo tuyamalize" mdai kontrol namba, uone atakavyokumbuka ana safari.

Ninachoona mimi, anayepokea hela ya bango angeuliza kwanza limesimama wapi. Swali moja tu, na watu wasingechoma hela ya chuma na fundi bure.

SWALI: Mji umejaa mabango, karatasi za waganga mpaka kwenye miembe ya Ujiji na nguzo za umeme. Kwanini serikali isiyafute yote?
Mwalimu Mstaafu, Kigoma mjini

JIBU: Shikamoo mwalimu. Wapo waliofanya hivyo. São Paulo kule Brazil, mji wa mamilioni ya watu, walipiga marufuku kuanzia Januari 2007, mabango kama 15,000 yakashuka, na hata duka lenye uso usiofika mita 10 likaambiwa kibao chako kisizidi mita za mraba 1.5. Jimbo la Vermont, Marekani, lina sheria yake ya kuzuia mabango ya barabarani tangu 1968. Ila kwetu ukifuta yote atakayeumia mwanzo ni mama wa hadwea hapo juu, mganga hana cha kupoteza, kesho anabandika nyingine usiku. Tuanze na hao wa gundi na misumari, namba zao za simu si wameziandika wenyewe?

SWALI: Kampuni inataka kupaka ukuta wa duka la mama rangi zake, wanampa mwavuli na viti. Ada nani atalipa?
Kijana, Gungu

JIBU: Mdogo wangu, ukuta uliopakwa matangazo nao wanaupima. Kampuni kubwa kawaida zinajilipia, lakini wakala aliyetumwa na pikipiki anaweza asikwambie kitu, halafu mtoza ushuru anamkuta mama dukani siyo kampuni. Iandikwe kwenye mkataba: ada ya kila mwaka ni ya kampuni, na wakiacha waje waurudishie ukuta rangi yake. Wakigoma kuandika, mwavuli wanauza pale sokoni Mwanga.