Moyo dhaifu: baba asilale kutwa

Dada, umeuliza kama baba yako mwenye moyo uliodhoofika akae tu kitandani hapo Kadutu, mjini Bukavu. Hapana. Kama hali yake imetulia na daktari amemruhusu, atembee. Utafiti wa HF-ACTION uliotolewa mwaka 2009, kwa wagonjwa 2,331 wenye moyo dhaifu wa Marekani, Canada na Ufaransa, ulionyesha kwamba mazoezi ni salama kwao na huwapa nafuu kiasi katika maisha ya kila siku. Faida kubwa iko kwenye misuli ya miguu: ikizoezwa hutumia oksijeni vizuri zaidi, na moyo unapata ahueni.

Shida ya Bukavu ni milima. Asianze kwa kupanda! Mtafutieni njia tambarare, dakika 5 hadi 10 kwanza, kisha muongeze polepole wiki kwa wiki. Aweze kuzungumza akitembea; akishindwa kumaliza sentensi, apunguze mwendo. Na dawa asiache, tafadhali.

Akisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, asimame palepale. Miguu ikizidi kuvimba, uzito ukipanda kilo 2 ndani ya siku 3, au akikosa pumzi akilala, msimtembeze: mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.