Jibu: Mashine ya kuchambua viazi imekosa mkopo wa halmashauri

Salaam, ndugu yangu wa Njombe. Umeeleza kwamba mashine yako ya kuchambua viazi kwa ukubwa inafanya kazi, ila halmashauri imekataa ombi lako la mkopo kwa kuwa umeomba peke yako, na sasa hujui ubishe hodi wapi.

Kwanza, hukukataliwa kwa ubovu wa mashine. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu) ni mkopo unaorejeshwa, na vijana huupata kupitia kikundi. Nakusihi usikusanye majina ya watu wasioijua kazi yako ili kutimiza idadi tu, kwa sababu deni litakuwa la wote, na nimeona vikundi vya namna hiyo vikisambaratika mapema.

Mimi ningeanzia SIDO, shirika la serikali la kuhudumia viwanda vidogo. Vijana niliowasindikiza hapa Mbeya walisikilizwa kwa sababu ya daftari la majaribio: magunia mangapi kwa saa, petroli kiasi gani, na viazi vingapi vilichubuka kabla na baada ya chekeche kuvikwa mpira. Daftari hilohilo litakufaa ukiomba kushiriki MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya ubunifu yaliyoanza mwaka 2019, ambayo COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, huyatumia kuwaibua wabunifu wa kuwaendeleza.

Ila kabla ya kuionyesha mashine hadharani, ulizia BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, kuhusu hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi wako, kwani upya wa ubunifu ni sharti la kuipata, na kuuonyesha mapema kunaweza kuuondolea upya huo.