Pipi za sikukuu zimebaki rundo zima? Usizifiche

Sikukuu ikiisha na wageni wakishaaga, kwangu hubaki pipi. Kila shangazi kaleta zake, kila jirani kampa mtoto zake, na mimi mzazi hakuna aliyeniuliza. Unakuja kushtuka mifuko imejaa kabati.

Mwaka mmoja niliziweka juu kabisa, nyuma ya masufuria makubwa, nikajiona mjanja. Siku ya nne natandika kitanda cha mwanangu mkubwa, naona sisimizi wamejipanga mstari kutoka ukutani hadi kwenye mto. Navua foronya, zinamwagika karatasi za pipi, nikahesabu 17. Tofi moja ilikuwa imenyonywa nusu ikawekwa akiba, imegandia kitambaa na unywele juu yake. Namuuliza, ananijibu bila hata kupepesa macho: "Mama, nilikuwa naziwahi kabla hujazimaliza wewe." Sikuwa na la kusema. Usiku wakishalala ni kweli nilikuwa nazishusha, hasa zile za chokoleti.

Basi kuficha nikaacha, nikahamia kwenye kugawa. Moja asubuhi, moja saa nne, moja akitoka kucheza, moja akinisumbua sana. Nikadhani huo ndio utaratibu. Daktari wa meno ndiye aliyenitoa tongotongo. Bakteria wa mdomoni wakipata sukari hutoa asidi, na asidi hiyo hulishambulia jino kwa kama dakika 20 hadi 30 kabla mate hayajaituliza. Kila pipi inayoingia, saa inaanza upya. Kwa hiyo mtoto aliyekula pipi nne papo hapo baada ya chakula ameyapa meno yake shambulio moja, na yule wangu wa moja moja kutwa nzima, meno yake hayapumziki kabisa. Mimi na utaratibu wangu ndio tulikuwa tunamharibu.

Siku hizi pipi kwetu zina wakati wake: baada ya chakula cha mchana, mezani, anakula zake chache, anakunywa maji, basi. Siku hiyo juisi na soda hazipo, maana sukari ni sukari tu. Kupiga mswaki ni usiku kama kawaida, kwa dawa yenye floridi. Ila akila zile pipi chachu, asikimbilie mswaki hapo hapo. Zenyewe zina asidi, jino linakuwa limelainika, kwa hiyo asubiri kama nusu saa.

Kabla ya hapo lakini kuna kazi ya kuchambua, na hii tunaifanya pamoja sakafuni. Namimina zote. Pipi ngumu za mviringo naziondoa kabisa nikiwa na mtoto wa chini ya miaka minne ndani ya nyumba. Zinakaba koo, na hapo sijadiliani na mtu. Tofi na zile za kuvutika kama mpira hung'ang'ania kwenye meno muda mrefu, nazo nazipunguza. Pipi za kijiti pia, maana mtoto anaweza kutembea na kimoja mdomoni saa nzima. Zinazobaki anachagua mwenyewe anazozipenda kweli, anaziweka kwenye kopo lake. Utashangaa, nyingi hata hazitaki. Alikuwa anazing'ang'ania kwa sababu nilikuwa nazinyima.

Chokoleti ikiota weupe msiitupe kwa kudhani ni ukungu. Mara nyingi ni mafuta yake au sukari yake imepanda juu kwa sababu ya joto au unyevu. Mimi huiyeyusha nikatia kwenye keki. Mwenye mbwa tu ndiye awe mwangalifu, chokoleti ni sumu kwa mbwa, na pipi zisizo na sukari zenye zailitoli (kitu kinachotiwa kuleta utamu badala ya sukari) ni hatari zaidi.

Na lile la kwamba sukari inawapandisha watoto wazimu, hata mama yangu analiapia. Mwaka 1995 watafiti walikusanya majaribio yaliyofanywa juu ya jambo hilo, hawakuona sukari ikibadilisha tabia ya watoto. Nadhani ni sikukuu yenyewe: wamelala usiku wa manane, nyumba imejaa binamu, nani atatulia?

Kopo la mwaka jana tulilikuta mwezi wa tatu, nyuma ya daftari zake. Unyevu ulikuwa umeingia, pipi zote zimeshikana bonge moja la rangi saba. Akaligonga na kijiko mara mbili, likakataa kuachia. "Mama, hili tunaweza kutupa?" Nikamfungulia pipa.