Saa Iliyohesabu Nazi Zangu

Juzi msomaji mmoja wa Chake Chake kaniandikia: "Dada, nimeweka laki mbili na nusu, nataka saa ile ya kuhesabu hatua na mapigo ya moyo. Ninunue, au ni mapambo tu?" Nilimjibu kwa neno moja, kisha nikaona nimemdhulumu. Jawabu yenyewe ndefu, na ina aibu zangu ndani.

Mwaka juzi nilipimwa presha, daktari akaniambia nitembee. Basi. Hakuniambia ninunue kitu. Mimi huyo mpaka Darajani, nikatoa laki na themanini, nikarudi Kikwajuni na saa nyeusi mkononi kama mchezaji wa timu ya taifa. Muuzaji aliniapia haikosei hata hatua moja.

Siku ya pili yake ikaniandikia hatua mia saba kabla sijatoka mlangoni. Nilikuwa na wageni, nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi nne. Ndani ya saa hizi mna kidude kinachosikia mtikisiko wa mkono, nacho hakijui kama uko uwanja wa Maisara unatembea au uko jikoni. Alasiri nikatoka sokoni na kikapu cha samaki na ndizi, mkono umenyooka kwa uzito, jasho linanitiririka, na saa imelala usingizi. Ndipo nilipoanza, Mungu anisamehe, kubebea kikapu mkono usio na saa.

Kikundi chetu cha mazoezi kila Ijumaa usiku kinatumiana hatua kwenye WhatsApp. Wiki moja nikaongoza. Shoga mmoja, simtaji, akaandika: "Hizo hatua za jikoni." Kundi zima likacheka. Mpaka leo nikimuona tarehe 1 Januari kwenye matembezi ya siku ya mazoezi, kifua kinanichoma. Na kinachoniuma khasa ni kuwa alisema kweli.

Halafu hizo hatua elfu kumi zenyewe, ambazo saa inataka uzitimize kila siku. Mwaka 1965 kampuni moja ya Japani iliuza kipimo cha kuvaa kiunoni, ikakiita manpo-kei, yaani kipima hatua elfu kumi. Ni jina la bidhaa, halikuwa agizo la daktari. Nami nilikuwa nazunguka ukumbini saa tano za usiku kutafuta hatua mia tatu zilizobaki, watoto wananitazama.

Kalori ndiyo balaa zaidi. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu vifaa saba vya kuvaa mkononi. Kwenye mapigo ya moyo, sita vilikosea chini ya asilimia 5, si haba. Kwenye kalori, kilicho bora kilikosea kwa asilimia 27 na kibovu kwa asilimia 93. Mimi nilikuwa naagiza bakuli la pili la urojo kwa sababu saa imesema nimechoma mia nne!

Kilichonivunja ni Ramadhani. Niko tarawehe, ikanitetemeka mkononi: sogea! Nimesimama mbele ya Mola wangu, moyoni najiuliza, kwani rakaa hizi hazihesabiki? Tulipotoa salamu nikaitazama. Nikaivua pale pale nikaitia mkobani, na sikumwambia mtu mpaka leo.

Sasa, mdogo wangu wa Chake, sikwambii usinunue. Kama tayari unatembea, na una jambo moja unalotaka kulijua, nunua. Mimi ilinifaa kwa mapigo ya moyo nikiwa nimepumzika: yalikuwa 84, baada ya miezi mitatu ya kutembea kweli yakashuka 76, na hapo nilifurahi kuliko siku ya mshahara. Ikaze juu kidogo ya kifundo, ikilegea inabahatisha. Inasoma damu kwa mwanga wa kijani unaopita kwenye ngozi. Apple wenyewe wanasema wino wa tatuu unaweza kuuzuia, na mimi siku ya harusi ya mpwa wangu, piko, ile rangi nyeusi ya kujipambia, imenijaa mpaka kwenye kifundo, ilinionesha vistari viwili tu.

Lakini kama unainunua ili ikutoe kitandani, haitakutoa. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, walitoa matokeo ya watu waliofuatwa miaka miwili wakipunguza uzito. Wasiovaa kifaa walipungua kilo 5.9, waliovaa kilo 3.5. Wanawake wenzangu, tunapenda sana kununua dawa ya uvivu. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, kama kutembea kwa kasi, na dakika hata saa ya ukutani inazihesabu! Mapigo nayo weka vidole viwili chini ya kidole gumba, hesabu nusu dakika, zidisha mara mbili.

Laki mbili na nusu yako toa ya raba nzuri kwanza, inayobaki iweke. Mimi kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi niko Maisara na kikundi, shoga yule naye yupo. Saa yangu iko droo ya kabati, chaji imeisha tangu mfungo sita.