Re: Hedifoni ya kompyuta isiyozidi elfu 50, Dodoma

Mkuu, umeuliza hedifoni ya elfu 50 isiyokufa baada ya miezi mitatu. Chukua ya waya, tena waya wa kuchomoka pande zote mbili, jeki ya milimita 3.5. Nyingi hukatikia shingoni mwa pini, na hapo unabadilisha waya tu. Omu (kipimo cha ukinzani wa umeme, huandikwa kwenye boksi) 32 zinatosha. Za omu 250 laptopu haitazisukuma vizuri. Dukani washa wimbo, kisha kunjakunja waya karibu na pini: sikio moja likikatakata, irudishe hapohapo. Pini yenye pete nyeusi tatu ina maiki. Kwenye kompyuta ya mezani yenye matundu mawili, moja la sauti na moja la maiki, utahitaji kigawanyio cha kuitenganisha pini hiyo mara mbili. Sponji za masikioni chagua za kitambaa zinazotoka, uzifue. Vumbi la Dodoma unalijua, na ngozi bandia hubanduka mapema.